Nilinyimwa maji wodini Embu wakati wa Imajensi, na mama akaja na kibuyu cha uji

Wakuu, nawasalimu. Kwa umri wangu ni nyinyi mngetangulia kunisalimu, lakini humu ndani hakuna anayemwona mwenzake mvi, kwa hivyo natangulia mimi.

Mimi humu husoma tu na kunyamaza. Leo naandika. Nitaandika yaliyonipata mimi mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Asiyetaka kuamini, nyuzi za mpira ziko tele.

Kilichonitoa kitandani ni hiki.

Kuna kijana alifungua uzi hapa juzi. Dada yake amepandikizwa figo. Kijana analalamika kwamba wakati wa operesheni madaktari walimmwagia dada yake dripu, moja ikiisha nyingine inafungwa. Halafu alipofika wodini akaanza kupimiwa maji kwa kikombe kama mfungwa. Anauliza, hawa watu walitaka kumzamisha au kumkausha?

Nilisoma maoni yote. Wengi mlimwambia ahamishe mgonjwa. Mmoja akamshauri aingize chupa ya maji ndani ya koti, ampe dada yake nesi akigeuka.

Wewe wa chupa ya koti, uzi huu ni wako. Kaa vizuri.

Mimi nina figo moja. Nyingine ilitolewa nikiwa kijana, na hii iliyobaki imenileta mpaka leo, nimezika watu wenye figo mbili. Umri wangu msiulize. Kitambulisho kinasema kitu kimoja na mama alikuwa anasema kingine.

Kwetu ni Karurumo, upande wa Runyenjes. Shule nilisoma kidogo sana, nikaona mwalimu ananichelewesha. Niliondoka nikaenda Embu mjini kutafuta kazi, na Kiswahili hiki mnachokisoma nilikiokota Majengo, kwa Waislamu wenye bucha.

Tajiri wangu alikuwa Mzee Salimu. Baba yake alikuja na askari wa zamani kutoka Sudan, mama yake Mkamba, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Embu na alikuwa anatukana kwa lugha zote tatu. Kuchinja alichinja yeye. Mimi nilibeba, nikachuna, nikakata.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kisu. Kilikuwa figo.

Ng'ombe akishapasuliwa, kabla hujagusa kitu, unaingiza mkono unatoa figo unaziangalia kwa mwanga. Mnyama anaweza kuwa na ngozi inayong'aa na ndani ameoza. Figo nzuri ina rangi yake, inateleza, ina mafuta yake safi pembeni. Ukiikuta imebadilika, unamwita mwenye bucha na hufungui mdomo mbele ya wateja.

Mpaka leo nina bucha zangu mwenyewe na nyumba ya mawe, na bado naangalia figo kwanza. Hilo la figo lishikeni, nitalirudia.

Sasa kwa nyinyi mliozaliwa juzi. Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, ilikuwa miaka ya hamsini. Watu walitolewa mashambani mwao wakakusanywa kwenye vijiji vyenye uzio. Jioni ikifika hakuna kutembea. Kwenda popote ni kwa pasi. Na kazi ya lazima. Sisi wa Embu tulichimba mtaro mrefu kando ya msitu wa Mlima, ili wapiganaji wa msituni wasishuke kutafuta chakula.

Sisimulii siasa. Wa msituni na wa Homu Gadi, walinzi wa upande wa serikali, wote walikuwa ndugu za mtu.

Nilipata pasi ya kwenda kumwona mama nyumbani. Nikafika, na kesho yake mkubwa wa kijiji akakusanya kila mwenye mikono, akatupeleka mtaroni. Nilimwonyesha pasi yangu ya mjini. Akasema, "Hiyo ni ya kutembea. Hapa hatutembei, tunachimba."

Nikachimba.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nikapanda ukingo na karai la udongo kichwani, udongo ukateleza, nikaanguka chini ya mtaro. Gogo tulilokuwa tunakanyagia likanifuata. Likanipiga hapa ubavuni kwa nyuma, chini ya mbavu.

Nilisimama. Nilikuwa na nguvu wakati huo na kiburi kuliko nguvu. Watu wakaniuliza, nikasema si kitu. Nikaenda pembeni kukojoa, ikatoka rangi ya maji ya kuoshea nyama.

Mimi ni mtu wa bucha. Sikuhitaji kuelezwa.

Nilipelekwa Embu kwa lori lililoleta majembe. Hospitali siitaji jina. Njiani sikumbuki mengi. Nakumbuka nimelala juu ya meza, na juu yangu kumening'inia chupa ya glasi, mpira mwekundu unashuka kutoka kwenye chupa mpaka mkononi mwangu, na maji yanapita ndani yake. Daktari alikuwa mzungu. Alikuwa anamwambia dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, neno moja tena na tena.

"Upesi. Upesi."

Nikafikiri anamwambia achukue kisu upesi. Kumbe alikuwa anasema maji ya kwenye chupa yaingie upesi. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na ndilo jibu la nusu ya swali la yule kijana. Nitafika.

Nilipoamka nilikuwa wodini. Chupa bado iko juu, lakini sasa maji yanadondoka tone moja, unangoja, tone lingine.

Na kiu.

Wakuu, nimewahi kukaa na njaa, nimewahi kulala kwenye baridi ya Timau bila blanketi. Hakuna kitu kama kiu ile. Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi iliyokaushwa. Nikiona yale maji yanadondoka kwenye glasi juu yangu, nilikuwa natamani kuivunja ile chupa niilambe.

Dresa wa wodi aliitwa Mwiti, Mmeru kutoka huko huko Timau. Mtu wa viatu vya kung'aa, anatembea wodini kama mwenye duka. Nikamwomba maji. Akaleta kwa glasi ndogo ya dawa.

Nikaimaliza kabla hajaondoa mkono.

"Hii nimeosha ulimi tu," nikamwambia. "Leta ya kunywa."

"Hiyo ndiyo ya kunywa. Ukikojoa utaongezewa."

"Nitakojoa nini na hujanipa maji?"

"Uliza figo yako. Mimi si fundi wa mfereji."

Mnaona hiyo kauli? Mtu anakufa na kiu, anaambiwa atoe maji kwanza ndipo apewe. Nilimchukia Mwiti na viatu vyake. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa yangu ya mkojo, na ilikuwa kavu.

Kwenye kitanda cha pili, kando yangu, alikuwa Mzee Njue. Huyu aliletwa kutoka kambi ya kizuizini akiwa na homa ya mapafu. Mkono mmoja ulifungwa pingu kwenye kitanda, na askari alikaa mlangoni na bunduki kwa ajili yake. Kando ya kitanda chake kulikuwa na jagi zima la maji.

Njue alinitazama nikiomba maji mara nyingi. Askari alipotoka kuvuta sigara akainama upande wangu.

"Kijana, hiyo naijua. Wanakukausha mpaka useme. Wewe unajua nini?"

"Sijui kitu."

"Basi utakauka bure."

Nikamwuliza, "Mbona wewe mfungwa una jagi?"

"Mimi nilishasema. Nilisema hata ya watu ambao hawajazaliwa."

Msimcheke Njue. Huko alikotoka kweli walimnyima maji. Alikuwa anasema alichokiona kwa macho yake na kwa koo lake. Na mimi nikaamini, kwa sababu wakati ule kila mtu angeamini. Mtu akikunyima maji miaka ile hukuuliza sababu ya kiafya.

Tena nilikuwa nimeanza kuvimba. Uso ulijaa, miguu ikajaa. Ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikasema hii chupa inaingiza sumu, na maji halali wananinyima.

(Kijana mmoja hapo chini ameshaandika "mzee fupisha". Mimi nilingoja tone la maji, wewe unashindwa kungoja aya mbili.)

Siku moja mchana askari akatoka. Njue akasukuma jagi kwa ule mkono wake usio na pingu mpaka likafika ukingoni mwa kitanda changu. Nikalishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimelifikisha kidevuni.

Mwiti akaingia. Alilinyakua kwa nguvu mpaka maji yakanimwagikia kifuani, nami nikalamba shati.

Nikamtukana. Nilitumia matusi yote ya Mzee Salimu. Nikasema kama wanataka kuniua watumie risasi kama watu wengine, wasiniue na kiu.

Daktari alikuwa wodi ya pili, akasikia. Akaja. Nilijua sasa ndio mwisho. Hakukasirika. Alikaa kitandani pangu, akaniuliza swali moja.

"Kazi yako gani?"

"Bucha."

Akaondoka. Njue akaniambia, "Umekosea. Ungesema kanisa."

Daktari akarudi na chombo cha glasi chenye mfuniko, ndani yake maji ya dawa, na ndani ya maji figo. Akanishikisha mkononi.

"Hii yako."

Nikaigeuza kwa mwanga, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imepasuka kutoka upande mmoja mpaka wa pili, nyama imesagika, damu imegandia ndani nyeusi. Nimeshika figo nyingi kabla na baada. Ile, Mzee Salimu asingemtupia hata mbwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza yule mzungu. Si kwa sababu ni daktari. Ni kwa sababu alinionyesha kitu ninachokijua.

Kiswahili chake kilikuwa cha kizungu, naandika kama alivyosema.

"Siku ya kukata, damu yako kwisha. Presha iko chini kabisa. Sisi natia maji mingi, upesi, wewe hapana kufa. Sasa damu iko. Lakini figo ile ingine iko ndani, nalala. Yeye nashtuka. Wewe nakunywa maji, maji hapana pata mlango ya kutoka. Nakwenda miguu. Nakwenda uso." Akaweka kidole kifuani pangu. "Baadaye nakwenda hapa. Wewe nakufa na maji, na bado iko na kiu."

"Na ile ya chupa?"

"Ile dawa tu, kidogo kidogo. Mimi nangoja figo naamka. Wewe natoa, mimi napa. Hapana toa, hapana pata."

"Itaamka lini?"

Akanyanyua mabega. "Pengine kesho. Pengine hapana."

Hilo la "pengine hapana" ndilo lililonifanya nimwamini zaidi. Mtu anayetaka kukukausha useme hakwambii kwamba yeye pia hajui.

Sasa nyumbani, wakuu, habari ilikuwa imefika kwa njia nyingine. Mwanamke wa kwetu alikuja kumwona mgonjwa wake, akanisikia nikilia maji, akarudi Karurumo akamwambia mama, "Ireri wako wanamkausha Embu."

Mama akaenda kwa chifu, akakaa kwenye nyasi mpaka akapewa pasi ya siku moja. Akatembea. Alifika wodini na kiondo, juu amefunika majani ya ndizi, na chini ya majani kulikuwa na kibuyu cha uji wa mawele.

Lazima niwaeleze hapa, hasa nyinyi wa pwani na wa mbali. Kwetu wakati ule mgonjwa hakuulizwa kama ana njaa. Mama yako akikuletea uji wakati unaumwa, unaupokea kwa mikono miwili, unakunywa, hata kama ni funda moja. Kuupokea ni kukubali kupona. Ukiukataa uji wa mama, umemkataa mama, na watu wa nyumba wataanza kuulizana amekuwa mtoto wa nani.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Aliniangalia uso ulivyovimba na midomo ilivyopasuka. Akaangalia jagi la Njue. Akaangalia mlango. Akatoa kibuyu, akakipangusa mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

Ile harufu ya mawele naisikia mpaka leo.

"Kunywa kabla hawajarudi."

"Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nilikuwa na koo la ukuni. Nilijua nikikisogeza kile kibuyu mdomoni sitaweza kukitoa. Kwa hivyo nikasema neno gumu ili nisilegee.

"Sitaki."

Akakaa na kibuyu mikononi. Nikamweleza habari ya figo, moja imetolewa, nyingine imelala.

"Figo imelala," akasema. "Tangu lini figo ikalala mwenyewe akiwa macho?"

"Nimeiona ile moja, mama. Nimeishika."

"Wamekuonyesha ya mbuzi."

"Mimi mtu wa bucha nisijue ya mbuzi?"

Kazi yangu aliijua na alikuwa anajivunia. Lakini haikutosha. Akasema polepole, "Huyo mwenye pingu anapewa maji. Wewe mtoto wangu unanyimwa na unawatetea. Wamekupa nini hawa?"



Kurudi nyumbani na kibuyu kilichojaa hakuweza. Angepita katikati ya kijiji na kila mtu angeona uji umerudi. Akasimama, akaenda kitanda cha pili, akamwekea Njue kibuyu mdomoni, kwa sababu ule mkono mmoja usingekishika vizuri. Njue akanywa mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa.

"Ahsante, mama Ireri."

"Usinishukuru. Haukuwa wako."

Akaniambia mimi, "Basi wao ndio watakuzika." Akaenda. Jua lilikuwa linashuka na pasi ilikuwa ya siku moja.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Maumivu ya kidonda na kiu yote nikiyaweka pamoja hayakufika hapo.

Baada ya siku hiyo Njue alibadilika. Alimwambia Mwiti aweke jagi upande wa pili wa kitanda, mbali nami. Na kila alipotaka kunywa alikuwa anageuka ukutani, na pingu yake inalia, anakunywa bila sauti. Hakuwahi kuniambia kwa nini. Alianza kunisimulia habari za kahawa yake, jinsi ya kupogoa, jinsi ya kujua mti umechoka, mambo marefu yasiyo na mwisho, ili nisifikirie maji. Kahawa niliyonayo leo ninaipogoa kwa maneno yake.

Mimi nilizidi kuvimba. Nikawa silali chini, nalazwa nimeegemea mito, pumzi fupi. Daktari alikuwa anakuja kuweka sikio mgongoni pangu na kusikiliza mapafu. Mwiti akaja kuangalia chupa ya chini ya kitanda hata bila kuitwa. Siku moja nilimwona amesahau kupiga kiwi viatu. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Mama akarudi.

Sijui alimwambia chifu nini safari hii. Aliingia, akakaa, hakusalimu mtu. Akatoa kibuyu kwenye kiondo, akakigeuza mdomo chini juu ya blanketi langu.

Kilikuwa kitupu.

Alitembea kutoka Karurumo mpaka Embu na kibuyu kitupu, ili nione kwamba ni kitupu.

Alinipangusa uso kwa kitambaa kibichi, akakwepa midomo. Tukakaa hivyo, sikumbuki ni muda gani.

Halafu nikasikia kitu chini ya tumbo. Sikutaka kuamini.

"Mama, niletee hiyo chupa."

Akainama akaichukua, akageuka pembeni kwa heshima. Haikuwa nyingi. Rangi ya chai iliyokaa jikoni siku nzima. Lakini ilitoka, na nikasikia sauti yake kwenye glasi, na Mzee Njue naye akaisikia, akapiga pingu yake kwenye chuma cha kitanda kama kengele.

Mama akaichukua ile chupa kwa mikono miwili. Hakungoja Mwiti aje. Akapita nayo katikati ya vitanda, wodi nzima, ameinyanyua mbele ya kifua. Mlangoni askari akasimama akamzuia.

"Mama, umebeba nini?"

"Mtoto wangu," akasema, akapita.

Mwiti aliipima kwenye jagi lake lenye alama. Akapima maji masafi kiasi kile kile na kidogo juu yake, akayaleta kwenye kikombe. Mama akakichukua kikombe mkononi mwake.

"Wewe Mmeru, hapa ni mimi."

Akamimina yale maji kwenye kibuyu, akakitikisa, akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili.

Ladha ya mawele ilikuwa bado imebaki mle ndani.

Kilichofuata ni kifupi. Figo ilipoamka iliamka kwa hasira, nikawa nakojoa kama ng'ombe aliyetoka mtoni. Na hapo daktari akaongeza dripu, chupa baada ya chupa. Mama alipokuja tena akashangaa.

"Juzi mlimnyima, leo mnammwagia?"

Mwiti akamjibu, "Juzi alikuwa hatoi. Leo anatoa mengi kuliko tunayompa, tukimwacha atakauka kweli."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa mara moja, na nadhani alilielewa kuliko wengi wenu.

Mzee Njue nilimkosa. Nilipelekwa kufungwa kidonda, niliporudi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na askari hayupo mlangoni. Jagi lilikuwa pale pale, upande wa mbali. Baada ya Uhuru nilimtafuta, niliuliza mpaka huko alikosema kahawa yake iko. Sikumpata. Kama kuna mjukuu wake humu ndani, babu yako alikuwa mtu.

Sasa turudi kwa dada wa yule kijana.

Mimi sijui kupandikiza figo. Kwa hivyo kabla ya kuandika nilimpigia simu mjukuu wangu Kawira, ambaye ni nesi wa thieta huko Nairobi. Nilimwambia nieleze kama bucha, si kama shule.

Alisema hivi. Figo ya mtu mwingine inapoletwa, imekuwa baridi, imepauka, haina damu. Wanaiunganisha mishipa, halafu wanafungua damu iingie. Saa hiyo mwili wa mgonjwa lazima uwe umejaa vizuri, presha iko juu, ili damu iisukume figo mara moja. Mwili mkavu, damu haina nguvu, figo inabaki imepauka imelala. Mwili ukiwa sawa, inageuka rangi mbele ya macho yao, na nyingine hukojoa hapo hapo mezani.

"Ndiyo maana tunamwaga, babu," akaniambia. "Lakini hatumwagi kama mtu anamwagilia shamba la sukuma. Kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, anaangalia presha, anaangalia mapafu. Tukizidisha, anazama."

"Na wodini?"

"Wodini tunapima anachotoa, tunamrudishia kwa hicho."

Nikacheka mpaka akauliza kama niko sawa. Ni maneno ya yule mzungu, ila Kiswahili kimenyooka.

Kwa hivyo, kijana, hawakutaka kumzamisha wala kumkausha dada yako. Ni maji yale yale, saa tofauti. Mezani yalikuwa ya kuamsha figo. Wodini ni ya kuifuata.

Na wewe wa chupa ya koti. Najua unampenda mgonjwa. Mama yangu naye alinipenda, na uji wake ungeniua, tena ningekufa nikiushukuru. Kabla hujaingiza kitu wodini, muulize nesi swali moja tu: leo ametoa kiasi gani? Akikujibu, utajua kwa nini kikombe ni kidogo. Asipokujibu, simama hapo hapo mpaka akujibu, ni haki yako.

Madaktari mlioko humu, na nyinyi nina neno. Yule daktari aliniuliza kazi yangu kabla ya kunieleza ugonjwa wangu. Mngefanya hivyo, hizi nyuzi za malalamiko zingepungua.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Na kila nilipofika nyumbani, hata nikiwa na suti, hata siku nilipoleta wakwe, kabla hajanimiminia chai alikuwa ananiuliza mbele ya watu wote kama nimekojoa. Wakwe walikohoa, mke wangu akatazama chini. Nilikuwa najibu, na ndipo anamimina.

Nimemaliza. Mwenye la kuuliza aulize, mwenye kubisha abishe, wa figo moja wenzangu jitokezeni tujuane.

Na wewe kijana mwenye dada, usipotee na uzi wako. Rudi hapa utuambie kitu kimoja tu: amekojoa?